VIJANA WA KOMPYUTA, MSIULIZE MSHAHARA TU



Vijana wetu wanaotoka vyuoni na ufundi wa kuandika programu za kompyuta wanaulizana: twende kwa mabepari wa soko la hisa, au kwa makampuni makubwa ya kompyuta? Wengi hujibu kwa kutazama mshahara. Sisi tunasema mshahara ni swali la pili. La kwanza ni hili: siku utakapotoka huko, utatoka na nini mkononi?

Tuwatazame hao wa soko. Makampuni kama Jane Street ya New York hununua na kuuza hisa kwa fedha zao wenyewe, na mashine hufanya biashara hiyo kwa kasi isiyofuatika kwa jicho. Mwaka 2010 ulikamilika waya uliolazwa ardhini kutoka Chicago hadi New Jersey, kwa gharama ya dola milioni 300 hivi, ili habari za bei ziwahi kwa sehemu ndogo ya sekunde! Tarehe 1 Agosti 2012, programu yenye kasoro iliitia kampuni ya Knight Capital hasara ya dola milioni 440 hivi katika dakika 45. Watetezi wao husema mnunuzi mdogo hupata bei nafuu. Na iwe hivyo. Lakini je, ni mkulima gani aliyepata mbolea, ni mgonjwa gani aliyepata dawa, kwa sababu ya waya ule?

Mshahara wao ni mnono, hatukatai. Lakini ufundi wao ni siri, na mikataba mingi humkataza mtu kufanya kazi kwa mshindani kwa miezi mingi, hata mwaka au zaidi, baada ya kuondoka. Huyo amelipwa vizuri, lakini amefungwa mdomo.

Wala makampuni makubwa si malaika. Google na Facebook hutajirika kwa matangazo, na bidhaa yao ni macho yetu na habari zetu. Mapema mwaka 2023 Google ilitangaza kupunguza watu 12,000. Mwaka huo huo, wafanyakazi zaidi ya 180 waliokuwa wakichuja picha na maneno ya Facebook mjini Nairobi walikwenda mahakamani kupinga kuachishwa kazi. Mwenye kudhani amepata baba huko, na aamke.

Hata hivyo, tukilazimishwa kuchagua, tunasema wazi: kijana aende kwa makampuni makubwa. Huko atajifunza kujenga mitambo inayobeba watu mamilioni bila kuanguka, na ufundi huo ndio unaotakiwa na hospitali zetu, bandari zetu na benki zetu. Tena hana haja ya kuvuka bahari: Microsoft ilifungua kituo cha kuandika programu Nairobi mwaka 2019.

Anayedhani jambo hili ni dogo na aikumbuke M-Pesa. Ilianza Kenya mwaka 2007. Watumiaji walikuwa watu wetu, shilingi zilikuwa zetu, lakini programu ya kwanza iliandikwa Uingereza, na mitambo ilikaa Ujerumani mpaka mwaka 2015. Tuliuza pamba tukanunua shati. Je, sasa tuuze akili zetu tununue programu?

Basi, kijana, nenda kama mwanafunzi, usiende kama mtumwa. Jiwekee miaka yako, jifunze, kisha rudi ujenge. Na serikali zetu nazo, zisimwite nyumbani kisha zikampa mgeni kila zabuni. Kila tawi la chama na liwaulize viongozi: programu za ofisi zenu zimeandikwa na nani?

Bendera tunayo. Mitambo inayohesabu fedha zetu nayo lazima iwe yetu.

Uhuru na Kazi!