Aliyehama Kundi Si Msaliti

Mwaka wa pili, siku 5 kabla ya kuwasilisha kazi ya kundi, wenzetu wawili walihama. Waliandika tu kwenye grupu la WhatsApp, "Jamani tumeingia kundi lingine, samahanini," wakajitoa. Usiku ule nikaweka status: picha ya timu ya OG wamebeba kombe, na chini yake, "Waliokimbia walijuta." Watu wakanimwagia emoji za moto. Mmoja wa wale wawili tulikuwa tunachanga naye hela ya msosi. Sasa tuko mwaka wa tatu na hatujawahi kusalimiana vizuri tena.

Leo nataka kuifuta ile status kwa maandishi, maana historia ya OG haisemi nilichoisemesha.

Kwa wasiofuatilia, OG ni timu ya Ulaya inayocheza Dota 2, mchezo wa kompyuta wa watu 5 dhidi ya 5. Ilianzishwa mwaka 2015 na marafiki wawili, Johan "N0tail" Sundstein wa Denmark na Tal "Fly" Aizik wa Israel. Kufikia 2017 ilikuwa imeshabeba mataji 4 makubwa: Frankfurt, Manila, Boston na Kiev. Kilichokosekana ni The International, ambalo ndilo Kombe la Dunia la mchezo huo.

Mei 2018, ikiwa imebaki kama miezi mitatu kombe hilo lianze, Fly na mwenzake s4 wakahamia Evil Geniuses ya Marekani. Yaani mwanzilishi mwenyewe kaondoka! Waliobaki wakajikusanya. Kocha wao, Sébastien "Ceb" Debs wa Ufaransa, akawa mchezaji. Wakamrudisha kijana wa Australia anayejulikana kama ana, ambaye alikuwa amepumzika. Wakamchukua pia Topson wa Finland, miaka 20, asiye na jina kubwa. Kwa sababu ya kubadili kikosi, walilazimika kuanzia kwenye mchujo wa wazi, ule ambao hata mimi na wewe tungeweza kujiandikisha. Agosti, mjini Vancouver, waliwafunga Evil Geniuses 2-1 njiani, na kwenye fainali wakaishinda PSG.LGD ya China 3-2 wakitokea nyuma. Zawadi ilizidi dola milioni 11.

Hapo ndipo wengi tunapofunga kitabu na kutoa funzo: wasaliti waliumbuka. Mimi nilifunga hapo hapo. Ila ukiendelea kusoma, mambo hayakai hivyo.

Kwanza, Evil Geniuses, wakiwa na Fly na s4, walimaliza nafasi ya tatu. Kuwa wa tatu duniani ndiyo kuumbuka? Wengi wetu tungefanya sherehe hosteli nzima.

Pili, N0tail mwenyewe alishapita Fnatic, Team Secret na Cloud9 kabla ya OG. Kama kuhama ni usaliti, basi timu yenyewe ilizaliwa na mhamaji.

Tatu, huyo ana. Aliondoka 2017, akarudi 2018 wakabeba kombe. Akapumzika, akarudi 2019, wakabeba tena kule Shanghai na kuwa timu ya kwanza kulichukua The International mara mbili. Akapumzika tena, akarudi 2021, kisha akastaafu mwaka huohuo. Mara zote hizo mlango haukufungwa. Hebu fikiria wangemwekea status kama yangu mara ya kwanza tu alipoondoka. Lile kombe la pili lingetoka wapi?

Hata majina makubwa hayakuwa dawa. Baada ya Shanghai waliwasajili nyota kama SumaiL, bingwa wa dunia wa 2015, na kufika Julai 2020 wakaachana naye. Mwaka uliofuata wakamrudisha, na safari yao ya kutafuta kombe la tatu ikaishia mikononi mwa Team Spirit.

Sasa kilichowabeba 2018 ni nini? Jibu langu liko kwa Topson. Alipofika walimpa njia ya kati, nafasi ambayo ana alikuwa akiicheza zamani, na ana akahamia nafasi nyingine. Mgeni asiyejulikana akapewa kazi ya mtu mzima, na mwenyeji akasogea. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ila mwenyeji haponi kama mgeni kazi yake ni kubeba viti.

Hapo ndipo ninapojikuta kwenye kona. Wale wenzetu wawili GPA zao zilikuwa chini, na mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti wa kundi. Niliwagawia nini? Kuchapa na kwenda kuprinti. Kwenye mjadala walikaa kimya, nami nikauita ukimya wao uvivu. Najua wapo watakaosema siku 5 ni chache mno, na kweli, walituacha pabaya. Anayehama aage mapema na aache kazi yake mezani. Hilo silirudishi nyuma. Ila kabla ya kuuliza kwa nini mtu kaondoka, tujiulize alikuwa na kazi gani alipokuwepo.

Sisi wa elimu hili linatuhusu zaidi. Mwakani tutasimama mbele ya darasa na kuwagawa watoto kwenye makundi. Tukiwapanga kama tunavyojipanga hapa chuoni, wakali na wakali, waliobaki na waliobaki, tutazalisha wachapaji na waprintaji wengi sana. Tuanze kuzoea sasa: kila mwanakundi awe na sehemu anayoiwasilisha kwa mdomo wake, na anayetaka kurudi asiombe radhi mbele ya grupu zima.

Kwa yule tuliyekuwa tukichanga naye: ukisoma hapa, mimi bado nipo bloku ileile. Nilikosea. Njoo tule.