Moyo Mbovu Si Hukumu ya Kifo

Katika vijiji vya Kishapu, mzee akikataa chakula, akanyamaza na kugeukia ukutani, aghalabu husemwa amerogwa. Huenda ni sonona kali, maradhi yenye tiba. Mojawapo ya tiba hizo ni mshtuko wa umeme, ulioanza kutumika Roma mwaka 1938. Wakiisikia, jamaa hupinga: "Moyo wake mbovu, umeme utamuua!"

Hofu hiyo ina msingi. Mshtuko hupandisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu kwa muda mfupi. Ndiyo maana moyo hauna budi kupimwa kwanza, shinikizo likadhibitiwa, na mgonjwa akalazwa kwa dawa ya usingizi huku akipewa oksijeni. Aliyepatwa na shambulio la moyo karibuni hungojeshwa ikiwezekana. Lakini kungoja nako kuna hatari: asiyekula wala kunywa hufa.

Ndugu walimu na watumishi, ninyi ndio mnaoulizwa kwanza. Msitamke "haiwezekani" kabla ya daktari kupima. Mfikisheni mzee hospitali, hata ikibidi safari ya Mirembe, Dodoma, wala msifiche habari za moyo wake. Uzee si sababu ya kumwacha mtu afe ameuelekea ukuta.