Saa nzima ya kushikwa kichwa

KIBARAZANI na Omari Mbwana

Mkono ulipoingia chini ya kisogo changu nilikaza shingo. Mimi ni mteja wa miaka mingi wa kinyozi mmoja wa Ngamiani, na najua kinachofuata mtu akikushika kichwa kwa mikono miwili: kwaa! Shingo inalia, nawe unabaki kujipapasa kama bado u mzima. Safari hii hakikulia kitu. Mama yule alikipakata kichwa changu kama yai viza asilotaka limpasukie mkononi, akanyamaza. Zikapita dakika tano, zikapita kumi. Nikamwuliza ataanza lini. Akasema tumeshafika katikati.

Hiyo ndiyo osteopathi ya fuvu, na nilikutana nayo London, tena kwa kudandia. Mwenye miadi alikuwa mjukuu wangu wa wiki sita. Alizaliwa kwa kuvutwa na chombo, kichwa kikatoka kimechongoka kama kiazi kitamu, na tangu siku hiyo nyumba nzima hailali. Mashoga wa binti yangu wakamwambia mpeleke akashikwe kichwa. Mkwe wangu, kwa ukarimu wake, akanilipia na mimi nafasi iliyofuata, maana kutwa nalalamika shingo.

Ukienda, usitarajie vituko. Kwanza ni maswali, mengi kuliko niliyowahi kuulizwa na daktari yeyote: nilizaliwaje, nimewahi kuanguka mtini, nimeng'olewa meno mangapi, nalala ubavu gani. Kisha unavua viatu na miwani basi, nguo zako unabaki nazo. Unalala chali. Mkono mmoja unakaa kichwani, mwingine baadaye unaingia chini ya kiuno, pale mgongo unapoishia. Unaguswa tu. John Upledger, tabibu wa Marekani aliyeanzisha tawi lake la tiba hii, alifundisha mkono uwe na uzito wa gramu 5 hivi, kama kijiko cha chai cha sukari. Wengi hupitiwa na usingizi. Mimi nilikoroma, naambiwa. Ukiinuka, kichwa chepesi, miguu mizito, na wengine hupata maumivu kidogo ya kichwa siku hiyo.

Kama ni kupumzika tu, hapo ningeweka kalamu chini. Lakini niliambiwa zaidi ya hayo. Niliambiwa kwamba mifupa ya kichwa changu inacheza, na kwamba upande wa kulia umekwama.

Maneno hayo yana mwenyewe. William Garner Sutherland alikuwa mtu wa magazeti kabla hajawa tabibu, na labda ndiyo maana alijua kusimulia. Mwaka 1899, akiwa mwanafunzi kwenye shule ya Andrew Taylor Still, mwasisi wa osteopathi, ile tiba ya kutumia mikono, mjini Kirksville, Missouri, alitazama fuvu lililofumuliwa mfupa mmoja mmoja. Akaona kingo za mifupa ya upande wa panja zimekatwa mshazari, zikamkumbusha mashavu ya samaki. Na kwa kuwa samaki anapumua kwa mashavu, akapata wazo kwamba fuvu nalo lina upumuaji wake. Akajibana mwenyewe kichwa kwa vifaa alivyojitengenezea ili aone kitatokea nini, na mwaka 1939 akatoa kitabu, The Cranial Bowl. Hoja yake ni kwamba maji yanayouzunguka ubongo yana mwendo wao, mbali na pumzi na mbali na mapigo ya moyo, na mkono uliofundwa unaweza kuusikia.

Ni hadithi tamu. Ila mtu wa pwani angemwambia: ndugu yangu, jahazi lina mbavu, tena nyingi, wala halijapata kupumua. Mishono ya fuvu la mtu mzima imefumana kama meno ya misumeno miwili, na kadiri umri unavyokwenda inashikana. Langu, kwa miaka yangu 61, ni chungu kilichokwisha kuchomwa.

Tuache mifupa, tuulize mikono. Mwaka 1994 ilichapishwa Marekani kazi moja ndogo ninayoipenda: wataalamu watatu waliwashika kichwa watu 12, kila mtaalamu kwa wakati wake, na kuhesabu mdundo wa yale maji. Wote watatu waliusikia. Hesabu zao hazikuhusiana hata kidogo. Mgonjwa mmoja, mikono mitatu, midundo mitatu! Watafiti wa Ufaransa waliokusanya tafiti zilizokuwepo, wakatoa ripoti yao mwaka 2016, nao ushahidi wa kutegemewa hawakuuona karibu wowote, si wa kupima, si wa kuponya.

Kwa mzee kama mimi haidhuru. Nimelipiwa saa moja ya kimya, nikasikilizwa, nikaguswa kwa adabu; hospitali gani inakupa hayo? Ugomvi wangu uko kwa mtoto.

Kilio cha kichanga, kile tunachokiita chango, kina ratiba yake. Hupanda wiki za mwanzo, hufika kileleni karibu na wiki ya sita, kisha huteremka, na kwa watoto wengi miezi mitatu au minne huwa kimekwisha. Sasa mpeleke wiki ya sita, umrudishe mara nne. Atanyamaza, na sifa atachukua aliyemshika. Ni mganga wa mvua anayefungua kazi katikati ya Machi. Hata kile kichwa cha kiazi, marehemu mama yangu angekikanda kwa mafuta ya nazi asubuhi na jioni, na kingekaa sawa. Nacho kingekaa sawa hata asingekigusa. Hilo sikuthubutu kumwambia.

Wenzetu wameweka mipaka. Ufaransa, tangu 2007, mtoto wa chini ya miezi sita haguswi fuvu na mtu wa osteopathi asiye daktari mpaka kuwe na karatasi ya daktari. Uingereza, kwa sheria ya 1993, jina la mtu wa osteopathi halitwaliwi ovyo, kuna baraza linalowasajili. Ila usajili ni wa mtu. Ule mdundo haujasajiliwa na yeyote. Na kwa kichanga, mkono wowote, wa London au wa Pangani, una mahali pa kuishia: utosi ukibonyea, maji yamempungua mwilini, utosi ukituna na mwili unachemka, au mtoto amelegea na ziwa halitaki, ni hospitali, saa hiyo hiyo.

Mjukuu alilala ndani ya basi tukirudi. Binti yangu akanigusa bega, "Baba, umeona?" Nikaona, na basi lenyewe nikaliona linavyotikisika. Saa nane usiku tulikuwa sote macho.

Shingo yangu ilikaa vizuri hadi Jumatano. Niliporudi Tanga nilikwenda kunyoa, nikamwomba kinyozi leo asiikunje, nikamweleza yote: kitanda, kimya, kijiko cha sukari. Akauliza bei. Nikamwambia pauni 70, zaidi ya laki mbili za kwetu. Akazima mashine.

"Na hakukuvuta hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Mzee Omari, lala hapo kwenye benchi. Mimi nitakushika kwa elfu tano."