Subira Si Kunyamaza

Sisi mafundi cherehani wa Segera, njia panda ya Tanga na Moshi, tunawashonea mabibi harusi. Wakishajifungua, wengine wanarudi tuwapunguzie nguo: wamekonda, hawalali, machozi hayakauki. Wakiongea na mshauri nasaha kwa simu, wanaambiwa wana imani haba na wanatoa siri za ndani.

Tunakataa! Mtume (S.A.W.) alimwagiza bwana mmoja amfunge ngamia wake, kisha amtegemee Allah. Tuombe dua, na tiba tuitafute. Wala maradhi haya si mageni kwetu: Lutindi, hapo jirani Korogwe, wagonjwa wa akili wanatibiwa tangu enzi za Mjerumani. Mwenye kichanga hawezi kupanda milima ile kila wiki. Simu anayo mkononi.

Tena siri huvujia wapi, kwa mshauri anayebanwa na miiko ya kazi yake, au barazani kwa majirani? Muulizeni tu kwanza amesomea wapi. Na malezi yakikulemea, piga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, ni bure.

Kina mama wakwe, mkimwambia mwali "vumilia", mnunulieni na bando.