Usilikimbie Shamba Lenye Magugu

Mkulima wa Delta ya Rufiji aonapo mpunga wake umezidiwa na magugu, husema, "Shamba limechoka," kisha hushika shoka akafyeka msitu mwingine wa mikoko. Kwa maoni yetu shauri hilo si jema, na yafaa tueleze sababu.

Mimea ya mahali pamoja hushindania nuru ya jua na chakula kilichomo udongoni. Penye chakula tele, mmea mrefu ukuao upesi huitawala nuru, na ulio mfupi hufifia kivulini. Ndivyo mikoko, michu na misikundazi izuiavyo majani mengine. Ikatwapo, nuru huingia, na tope lile lenye rutuba hulisha mpunga kwa miaka michache. Lakini hulisha magugu pia, nayo hayangoji kupandwa. Shamba likiachwa, majani marefu na mitambaa huifunika ardhi hata mche wa mkoko usipate pa kusimama. Hapo mkulima amekosa shamba, na msitu haurudi.

Zamani mto ulileta tope jipya kwa kila furiko, na mkulima wa mlau hakuwa na haja ya mbolea. Tangu Desemba 2022, Bwawa la Julius Nyerere lilipoanza kujazwa, sehemu kubwa ya tope hubaki bwawani. Mafuriko ya Aprili 2024 yalionyesha kwamba maji yangalipo. Lakini maji pasipo tope hayalishi shamba.

Udongo wenye njaa nao huchagua mtawala wake. Katika mashamba ya mchanga, mbali na mto, tazama kiduha chenye maua mekundu: ni kifupi, lakini hunyonya mizizi ya mahindi. Mahindi yakosapo chakula, mizizi yake hutoa kwa wingi kile kiamshacho mbegu za kiduha, na mbegu hizo zaweza kulala udongoni zaidi ya miaka 10. Kung'oa peke yake hakutoshi. Badilisha kwa kunde au pamba, ambazo huamsha mbegu hizo zisipate cha kunyonya.

Samadi ipo, kwa kuwa ng'ombe wameongezeka Rufiji tangu wafugaji walipohamishiwa huku kutoka Ihefu mwaka 2006. (Ugomvi wa mipaka twaujua, samadi haimo katika ugomvi huo.) Msimu huu, basi, liache shoka nyumbani. Pima robo ya shamba lako la zamani, palilia mapema, ndipo utie samadi nusu yake tu. Maana mbolea itiwayo penye magugu hulisha magugu. Wakati wa mavuno linganisha pande mbili hizo kwa pishi.