Jaketi moja la baridi: ununue lipi, na nani alivae?

Kila msimu wa mvua, wauza mitumba huleta marundo ya makoti na majaketi. Wewe unafika ukiwa na fedha ya kununua moja tu, na ukikosea kuchagua, nyumba nzima italala na baridi hadi msimu mwingine. Maoni yangu ni haya: kama nyumba yenu ina uwezo wa kununua nguo moja tu ya baridi, nunueni jaketi jepesi lililojazwa nyuzi za poliesta, na mpeni yule anayetoka nje alfajiri. Yapo mambo mengine ambayo hamfai kuyauza wala kuyafanya kwa sababu ya baridi, nayo nitayasema hapa chini.

Wengine husema nchi zetu ziko karibu na ikweta, baridi itoke wapi? Ukipanda mlima, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi kila mita 1,000. Kama ulipitia Nyakabande, kule Kisoro, Uganda, unajua usiku wake ulivyo. Kambi ya Kiziba nchini Rwanda, iliyofunguliwa mwaka 1996, iko juu ya milima ya upande wa Ziwa Kivu. Aliyetoka Uvira, kando ya Tanganyika, hajazoea hali hiyo. Aliyetoka Masisi anaijua baridi, lakini kule alikuwa na nyumba ya mbao na kuni za kutosha. Hapa una turubai na mgao uliopungua. Mwili usiokula vizuri hautoi joto la kutosha. Ndiyo maana mtoto mwenye utapiamlo, mtoto mchanga na mzee hupoa haraka kuliko wengine. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35, mtu huyo yuko hatarini.

Kwa nini poliesta?

Jaketi halitengenezi joto. Joto linatoka mwilini mwako, na jaketi linalizuia lisipotee. Kinachozuia ni hewa iliyotulia katikati ya nyuzi. Kwa hiyo jaketi nene lililo jepesi, lenye hewa nyingi ndani, huweza kukupa joto kuliko koti zito lililoshindiliwa. Uzito usikudanganye.

Maji ndiyo adui mkubwa wa hewa hiyo. Sweta la pamba au koti la jinzi hunyonya maji, hukaa limelowa siku nzima, na kukunyang'anya joto badala ya kukutunzia. Manyoya ya bata ndiyo yenye joto kuliko yote kwa uzito mdogo, lakini yakilowa hugandamana kama uji na hukauka kwa taabu. Nyuzi za poliesta hazinyonyi maji karibu kabisa. Ukilowa, unalikamua taratibu, unalikung'uta, na bado lina joto kiasi. Hata jeshi la Marekani, katika miaka ya 1980, lilitafuta kitu cha kuchukua nafasi ya manyoya ya bata kwa sababu hiyo hiyo ya kulowa, na nyuzi za aina hii zikatengenezwa. Wewe unayeishi chini ya turubai, bila mahali pakavu pa kuanika, una sababu kubwa kuliko ya askari.

Sufu nayo ina haki yake. Ikiwa na unyevu bado hutunza joto. Kama una sweta la sufu, livae chini ya jaketi. Lakini koti la sufu ni zito na huchelewa kukauka. Na poliesta ina kasoro yake pia: ikitumika miaka mingi, nyuzi hulala na hazinyanyuki tena. Hapo ndipo unapotakiwa kuwa macho sokoni.

Jinsi ya kuchagua

Soma kwanza lebo ya ndani. Ukiona «polyester» kwenye ujazo, ndilo tunalolitafuta. Ukiona «down», «duvet» au «plumes», ni manyoya. Ukiona «cotton» au «coton», ni pamba. Kama lebo imekatwa, fanya hivi:

1. Bana jaketi kwa kiganja, kisha liachie. Likinyanyuka haraka, nyuzi zake bado ni hai. Likibaki bapa, liache hata kama bei ni ndogo. Rahisi ni ghali.

2. Liinue juani ulitazame. Ukiona sehemu zinazopitisha mwanga mabegani na mgongoni, ujazo umeteremka chini. Baridi itapita hapo hapo.

3. Fungua na funga zipu mara tatu. Jaketi lisilofungika ni nusu ya jaketi. Lenye kitambaa kinachofunika nyuma ya zipu ni bora zaidi.

4. Weka matone ya maji begani. Yakiteleza, kitambaa cha nje ni kizuri. Yakiingia, jaketi linafaa bado, ila mvua ikinyesha lifunike kwa koti la mvua au plastiki. Jaketi la joto na koti la mvua ni nguo mbili zenye kazi mbili.

5. Livae juu ya nguo zako za kawaida. Liwe na nafasi ndani, lifike chini ya kiuno, na mikono ifike vifundoni. Likibana, nyuzi hulala na hewa hutoka.

6. La mtoto, ondoa kamba za shingoni na za kofia. Kamba hunaswa na kumnyonga mtoto akicheza.

7. Chagua rangi inayoonekana, hasa kwa anayetembea barabarani gizani ambako bodaboda zinapita. Jaketi la madoadoa ya kijeshi usiliguse. Nchini Uganda sheria inamkataza raia kuvaa mavazi yanayofanana na ya jeshi, na kwa mkimbizi kosa hilo huleta maswali mengi.

Kabla ya kuvaa

Katika mishono ya jaketi la mtumba wanaweza kujificha chawa wa nguo. Si jambo la kucheka. Mwaka 1997 huko Burundi, katika kambi za watu waliokimbia makazi yao, chawa hao walieneza homa ya tifasi ambayo wenyeji waliiita sutama, na maelfu ya watu waliugua. Homa hiyo si taifodi ya maji machafu. Hii inaletwa na chawa.

Jaketi la poliesta halifai kuchemshwa wala kupigwa pasi ya moto. Lifunge ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa kwa wiki 2. Chawa na mayai yao watakufa kwa kukosa damu. Kisha lifue kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, usilisokote kwa nguvu, ulianike kwenye kamba juani, ndani likiwa nje. Usilitandaze chini wala kivulini. Yuko nzi anayetaga mayai penye nguo mbichi, na mabuu yake huingia katika ngozi na kufanya majipu. Nguo nyingine tunazipiga pasi ili kuua mayai hayo; hii haipigwi pasi, basi jua na kamba ndiyo kinga yake. Likikauka, likung'ute ili nyuzi zinyanyuke.

Nani alivae?

Hapa najua baadhi yenu hamtakubaliana nami. Katika nyumba nyingi jaketi zuri ni la baba, kwa sababu ndiye anayeenda mkutanoni na ofisini. Lakini tazama nani anasimama kwenye foleni ya maji saa kumi na moja alfajiri. Nani anakwenda kutafuta kuni umande haujakauka? Nani ni mzee asiyetoka jua mpaka lipande? Mkutano hufanyika saa nne, jua likiwa limeshawaka. Mimi nasema jaketi liwe la nyumba, na alivae yule anayekutana na baridi saa hiyo. Mama au binti akirudi na maji, amvishe bibi. Mgawo wa namna hii hauhitaji fedha yoyote, unahitaji kukubaliana tu.

Mtu ataniambia blanketi linatosha. Blanketi ni la kulalia. Anayebeba jerikeni hawezi kulishika kwa mikono, na anayepika akijifunika nalo, pembe yake hushika moto.

Jaketi nalo lina hatari hiyo hiyo. Poliesta haiwaki tu, huyeyuka na kunata kwenye ngozi, na jeraha lake ni baya. Mpishi alivue kabla ya kukaribia mafiga. Mtoto aliyevaa jaketi asiachwe karibu na moto hata kidogo.

Mambo ambayo baridi isitufanye tuyafanye

Kwanza, usiuze chandarua ili ununue jaketi. Malaria inaua watoto wetu, na hakuna jaketi linalozuia mbu usiku.

Pili, usiingize jiko la mkaa, au mbabula kama wengi wetu tunavyoliita, ndani ya nyumba iliyofungwa. Mkaa hutoa gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Watu hulala nayo wakiota joto, na hawaamki. Hii ndiyo sababu kubwa inayonifanya niandike kuhusu nguo katika jarida la afya: aliyevaa vizuri hana haja ya kulala na mkaa.

Tatu, mtoto mwenye homa anayetetemeka usimfunge ndani ya jaketi ukingoja apone. Mtetemo huo unaweza kuwa malaria. Mpunguzie nguo na umpeleke kituo cha afya apimwe siku hiyo hiyo. Na mtoto mchanga, hasa aliyezaliwa na uzito mdogo, anahitaji kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, kabla ya nguo yoyote. Mama avae jaketi juu yake, uso wa mtoto ukiwa wazi apumue.

Kwa wanaosubiri safari ya kuhamia nchi za baridi kama Kanada au Norwei, neno moja: usimalize akiba yako kwa kununua koti zito hapa. Jaketi hili linatosha kwa safari. Kule ambako baridi hufika nyuzi 20 chini ya sifuri na zaidi, utahitaji koti la huko, lililotengenezwa kwa hali ya huko.

Neno la mwisho ni kwa viongozi wa mitaa na vijiji vyetu. Katika mikutano na mashirika tunaomba blanketi kila mwaka, na ni haki. Sehemu zilizo juu milimani, tuombe pia majaketi ya poliesta kwa ajili ya wazee wanaoishi peke yao na watoto walio kwenye mpango wa lishe. Orodha ya majina hayo wahudumu wa afya wa jamii wanayo. Ndugu msomaji, waulize katika mkutano unaokuja, na ukienda sokoni kumbuka kubana na kuachia.