Amri ya Rais Haitoshi Kulinda Miti ya Nairobi

Hoja iliyochapishwa kwamba kunusurika kwa mugumo wa Waiyaki Way mwaka 2020, baada ya Rais Uhuru Kenyatta kuamuru usikatwe kupisha barabara ya juu, kunathibitisha kuwa Nairobi inalinda miti yake ya kivuli, inachukulia huruma ya mkubwa kuwa ndiyo utaratibu wa mji. Amri hiyo iliokoa mti mmoja unaoheshimiwa sana na Wakikuyu, ilhali mingine mingi iliyopisha mradi huohuo ilianguka bila mtetezi. Ulinzi wa kweli huanza na daftari la miti, yaani orodha ya kila mti wa umma, mahali ulipo na hali yake, kisha huwekwa mipaka ya eneo la mizizi, kwa kuwa mizizi mingi hutambaa karibu na uso wa udongo na kuvuka upeo wa matawi, hivyo mtaro uliochimbwa kizembe huweza kuua mti taratibu, miaka kadhaa baada ya mkandarasi kulipwa (na kusahaulika). Serikali ya Kaunti inapaswa kuchapisha daftari hilo, na mkandarasi alipie thamani ya kila mti kabla ya kuwasha msumeno.